Losheni ya kukinga jua niliyouziwa viambato vikiwa vimefunikwa

Sitaeleza ukubwa wa chupa wala rangi ya kifuniko, kwa kuwa hayo kila mtu atayaona dukani. Nitaeleza habari ya stika ya bei, maana ndiyo iliyoniharibia hata yale mazuri ambayo losheni hii inayo.

Wakati wa kaskazi daktari aliniandikia doksisaiklini, dawa ya antibiotiki, akanionya kwamba dawa hiyo huifanya ngozi iungue na jua upesi kuliko kawaida. Kwa kuwa kazini huenda kwa baiskeli, kutoka Raskazone hadi Ngamiani, mikono na shingo vikiwa wazi, niliingia katika duka moja la vipodozi mjini Tanga kutafuta losheni ya mwilini ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuimudu. Ilikuwepo, tena ya bei ya chini kuliko zote zilizokuwa pale. Mbele iliandikwa SPF 50. Nyuma, mahali pa kuorodhesha viambato, palibandikwa stika pana ya bei iliyofunika karibu orodha yote.

Nilimwomba binti aliyekuwa akiuza aniruhusu niinyanyue kidogo nisome. Akanijibu, "Baba, ukibandua umenunua." Nilipomweleza kwamba ninatumia dawa na daktari amenitaka niwe mwangalifu, alimgeukia mwenzake akasema, kwa sauti iliyosikika hadi barazani, kwamba jua la Tanga nimezaliwa nalo na leo ndiyo naliogopa, na kwamba losheni hizi ni za Wazungu na za wale wenye ngozi mbovu. Wateja wawili walicheka. Kejeli juu yangu ningeimeza, lakini kuwaita watu wenye ualbino hivyo ni utovu wa adabu wa kiwango kingine. Kwao losheni ya jua ni kinga dhidi ya saratani, na ndiyo maana kule Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Ngozi nyeusi nayo hupunguza makali ya jua, haiyaondoi.

Nililipa, kwa kuwa nilikwishaambiwa kwamba kusoma ni kwa mnunuzi.

Nyumbani niliilowesha stika kwa mafuta ya kupikia na kuivuta taratibu, nayo ikaondoka na maandishi ya chini yake. Sehemu iliyosalia ilinionyesha maji, gliserini, oktinoksati, kisha lile jina refu la herufi zaidi ya ishirini ambalo ni avobenzoni (hivi viwili ndivyo vinavyochuja miale ya jua), halafu karatasi tupu. Msomaji asiyejali viambato ataona ninakuza jambo dogo, kwa hiyo nieleze. Namba ya SPF hupima hasa kinga dhidi ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi ya juu, na tofauti yenyewe si kubwa kama bei zinavyodai: SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale hiyo, SPF 50 takriban asilimia 98. Mgonjwa wa doksisaiklini anaumizwa zaidi na miale ya UVA, ile inayopenya ndani zaidi ya ngozi, na katika losheni hii mzigo huo umebebwa na avobenzoni. Avobenzoni huvunjika inapopigwa na jua isipopata mshirika wa kuituliza, kwa kawaida oktokrileni, na oktinoksati ikiwa karibu nayo huharakisha kuvunjika huko. Yaani kiambato kimoja nilichohitaji kukiona ndicho kilichoondoka na gundi ya bei. Katika nchi iliyopiga marufuku zebaki na haidrokwinoni, zile za kuchubua ngozi, kwenye vipodozi, mfanyabiashara anayefunika orodha ya viambato hana haki ya kushangaa akishukiwa.

Kwenye ngozi, nakiri kwa shingo upande, inapendeza. Haiachi weupe ule wa zinki oksidi unaomfanya mtu mweusi aonekane kama aliyeanguka katika unga, hainati, na harufu yake si kali. Jasho la saa saba linapoanza huteremka hadi machoni na kuwasha, lakini hilo ni la losheni nyingi. Mikono yangu haikuungua. Kwa hiyo nilikuwa tayari kuandika kwamba inunuliwe, bila kusita, hadi kola ya kanzu yangu ya Ijumaa ilipotoka kwenye maji ikiwa na madoa ya rangi ya kutu. Avobenzoni hufanya hivyo ikikutana na maji yenye madini ya chuma, na sisi tunaofulia maji ya kisima tulistahili kuonywa. Huenda onyo lilikuwepo chini ya stika, nani atajua?

Hata unafuu wenyewe una masharti. Mwili mzima wa mtu mzima huhitaji takriban mililita 30 kwa kupaka mara moja, na hupakwa tena kila baada ya saa mbili mtu akiwa juani. Anayejipaka mikono na shingo, kama mimi, atafaidi; anayetaka kuogea baharini ataimaliza chupa upesi. Huyo wa baharini, hata hivyo, ningemshauri atafute nyingine, kwa sababu oktinoksati inashukiwa kudhuru matumbawe, na Hawaii imezuia uuzaji wa losheni zenye kiambato hicho tangu 2021.

Juzi, katika duka jingine la Ngamiani, niliikuta losheni hiyohiyo, stika ikiwa imebandikwa kwenye kifuniko. Niliisoma orodha yote nikiwa nimesimama, na muuzaji akaniangazia tochi ya simu yake bila kuulizwa. Oktokrileni imo. Si mchanganyiko kamili, maana oktinoksati bado ipo, na onyo la kufua halimo popote, lakini waliotengeneza hawakuwa wazembe kama nilivyowafikiria kwa miezi yote hii. Basi mnaoihitaji inunueni, mvae kola nyeusi, na mnunue mahali ambapo stika haijafunika maandishi. Lile duka la mjini sitalitaja, ila bado ninasubiri pesa ya kanzu yangu, ingawa sidhani kama nitaipata.