Flickr ya bure kwa picha za safari, michoro ya ukutani na mbao za majahazi: uzoefu wangu

Picha ninazoweka Flickr, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha picha, ni za kawaida tu: barabarani na vituoni, michoro ya ukutani ya Nairobi na Dar es Salaam, na mbao za majahazi mabovu ambazo mafundi wa Lamu na Zanzibar huzigeuza kuwa meza, fremu na vitanda. Kwa kazi hiyo naipa Flickr nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya masharti ya akaunti ya bure.

Tangu 2019 akaunti ya bure inabeba picha na video 1,000, basi. Tangu 2022, zile zisizo wazi kwa umma zisizidi 50. Kwa hiyo si mahali pa kumwaga kila kilichomo kwenye simu. Mchoro mmoja wa ukutani naupa nafasi tatu: ukuta mzima pamoja na mtaa wake, mchoro peke yake, na saini ya msanii kwa karibu. Ule wa peke yake simama katikati, rudi nyuma, kisha tumia lenzi ya 2x, kwani lenzi pana ya simu hupinda kingo za ukuta.

WhatsApp inatosha kumwonyesha mteja mmoja. Ila picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na kwenye ubao kinachopotea kwanza ndicho mnunuzi anachokitafuta: nyuzi za mti, ile duara nyeusi ya kutu inayozunguka tundu la msumari, mabaki ya kalafati (pamba ya kuzibia maji) kwenye maungio. Ukiituma kama faili ubora unabaki, lakini mwezi ujao hakuna atakayeipata. Kwenye Flickr picha inakaa kwenye albamu na inatafutika.

Ubao una adabu zake. Zima flashi, mwanga wa mbele hufuta makovu yote. Ulaze ili jua liupige kwa ubavu, kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Futa nusu yake kwa kitambaa chenye maji, nusu nyingine iache kavu: upande uliolowa unamwonyesha mtu rangi itakayokuja baada ya vanishi. Weka futi ya fundi pembeni. Usisahau kupiga picha kichwa cha ubao, yaani ncha yake iliyokatwa, maana hapo ndipo uozo na matundu ya wadudu hujitangaza (muuzaji asiyeonyesha kichwa, mwulize kwa nini). Ubao wenye rangi ya buluu ukijaza picha nzima, simu huvuta rangi kuelekea manjano. Kwenye mipangilio ya kamera, funga mizani ya rangi (white balance) kwenye alama ya jua.

Bando nalo lina hesabu yake. Picha ya megapikseli 12 huwa MB 3 hadi 6, kwa hiyo 40 zinaweza kula zaidi ya MB 200. Za safari nazipunguza upande mrefu hadi pikseli 2048, JPEG ya ubora 85, na nyingi hushuka chini ya MB 1. Za ubao kwa karibu napakia kama zilivyo. Picha za HEIC (muundo wa simu kama iPhone) zigeuze JPEG kwanza.

Kabla ya kupakia chochote, ingia kwenye mipangilio ya faragha uangalie kama mahali pa picha panaonyeshwa. Ghala la fundi lenye mbao za thamani halihitaji kuwa na alama kwenye ramani. Angalia na leseni: usipochagua, inakaa kwenye haki zote zimehifadhiwa. Ukichagua Creative Commons, leseni inayoruhusu wengine kuitumia kwa masharti, unatoa ruhusa ya picha yako tu. Mchoro ulio ukutani bado ni wa msanii wake, kwa hiyo jina lake liandike kwenye maelezo kama linasomeka.

Lebo ziwe za maana: aina ya mti kama unaijua kwa hakika, mji, sehemu ya chombo. "Mvule, Lamu, jahazi" inafikisha mtu haraka kuliko "nzuri" na "sanaa". Pro, akaunti ya kulipia, sioni haja ya kuilipia mpaka ukaribie zile 1,000, na hata hapo anza kwa kufuta picha zinazofanana. Nakala asili ziweke kwenye diski yako.