Uzoefu wangu: Kunguru wa Poe kwenye DVD ya The Simpsons

Sanduku hili la DVD za msimu wa pili wa The Simpsons, katuni ya Kimarekani kuhusu familia moja, nimelinunua likiwa limeshatumika, kwa ajili ya kipindi kimoja tu kati ya 22: kile cha Halloween cha mwaka 1990. Sehemu yake ya mwisho ni "The Raven" (Kunguru), shairi ambalo Mmarekani Edgar Allan Poe alilichapisha mwaka 1845. Lisa anaanza kulisoma usiku, kwenye kibanda cha juu ya mti, ndugu zake Bart na Maggie wakisikiliza.

Nilitarajia mzaha mtupu. Kumbe linalosomwa ni shairi lenyewe, kwa maneno ya Poe, na jina lake limo kati ya waandishi wa kipindi. Anayempokea Lisa kusoma ni mwigizaji James Earl Jones, sauti ile ile ya Mufasa wa The Lion King. Homer, baba yao, ndiye mfiwa anayemlilia mpenzi wake Lenore; Marge, mama yao, ndiye Lenore kwenye picha ya ukutani, na Bart ni kunguru. Malaika wanaopeperusha chetezo ni Lisa na Maggie!

Sisi tuliolelewa kwa vina na mizani tutafaidi zaidi. Poe anatia vina vya kati na vya mwisho katika mshororo mmoja, "dreary" kwa "weary", kama mtunzi wetu anavyolinganisha ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo. Na lile neno ambalo kunguru anamjibu mfiwa kila anapouliza, Nevermore, ni kibwagizo hasa. Kwetu: abadan. Kila likirudi linauma zaidi, maana swali linalolitangulia limekuwa zito zaidi. Bart anajaribu kulibadilisha kwa tusi lake, Lisa anamkemea: kunguru ana neno hilo tu. Nilimpenda sana hapo, mtoto wa miaka minane anayelinda kibwagizo.

Kasoro ipo. Shairi lina beti 18 na kipindi kimeziruka kadhaa. Kiingereza chake pia ni kigumu. Mara tatu nilisimamisha ili nimfafanulie mpwa wangu wa miaka 12.

Mwishoni Bart anasema hakuogopa, ila Homer ndiye anayekosa usingizi. Mpwa wangu alikuwa upande wa Bart. Mimi niko na Homer. Kinachotisha pale si ndege, ni mtu anayeuliza huku jibu analijua.

Nyota nne. Beti zilizorukwa nilizitafuta usiku uleule nikazisoma kwa sauti, mpwa wangu akiitikia kibwagizo.