WhatsApp Business saluni kwangu: wapya haileti, waliopotea inawarudisha

Niseme mapema ili mwenye haraka aondoke na jibu lake: WhatsApp Business ni nzuri sana kwa kumrudisha mteja aliyekwisha kukalia kiti chako, na ni dhaifu kwa kumleta asiyekujua. Ukiipakua ukitegemea simu ianze kulia jioni hiyo hiyo, utaifuta. Ukiipa kazi inayoiweza, utashangaa ulikuwa unaishije bila hiyo.

Saluni yangu ni ya wanawake, iko Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara zenye namba. Tunasuka, tunaweka dawa, tunaseti, tunapaka hina na piko, na msimu wa harusi ukifika tunasinga na kupamba maharusi. Pazia la mlangoni ni zito kwa makusudi, mwanamume haingii. Nayataja haya kwa sababu ushauri mwingi wa kutangaza saluni unadhani kila mteja anapenda kupigwa picha akimaliza. Wangu wengi hawapendi, na ni haki yao.

Programu yenyewe ni ya bure, ilitoka 2018, na inajitegemea pembeni ya WhatsApp ya kawaida. Kila moja inataka namba yake, kwa hiyo simu ya laini mbili inabeba zote mbili bila kugombana. Unajaza jina la biashara, saa za kazi, mahali ulipo, kisha katalogi yenye picha na bei. Hapo kwenye katalogi ndipo wengi wanapolipua kazi: wanapakua picha za nywele za Wamarekani, wanaandika "bei maelewano", basi. Mteja anakuja na picha ile mkononi, msusi anakuna kichwa.

Mimi nilipiga picha kazi zetu wenyewe, na kwenye rasta nikaweka kijiti cha kiberiti pembeni ya msuko. Ugomvi mkubwa wa saluni, kama hujui, ni neno "ndogo". Mteja anasema anataka rasta ndogo, msusi anasuka anazojua yeye ni ndogo, saa ya kulipa kila mtu ana ndogo yake. Sasa mteja anaona kabisa: hii ni unene wa kijiti kimoja, hii ni vijiti viwili, bei hii na hii, nywele juu ya mteja. Saa za kukaa nazo nimeandika, maana mtu wa rasta za kiunoni anatakiwa kujua kwamba siku hiyo hapiki. Maswali ya "mwisho bei gani?" hayajaisha, hayawezi kuisha Tanga, lakini yamepungua.

Kilichonishika hasa ni lebo. Kila mteja unaweza kumbandika lebo yenye rangi, na mwisho ni lebo 20. Anayeuza viatu anaziacha zilivyokuja: mteja mpya, oda mpya, amelipa. Saluni haiendi kwa oda, inaenda kwa tarehe za kurudi. Rasta zikivuka wiki 8, nywele zilizoota zinajisokota shinani na kufumua kunakuwa vita. Aliyeweka dawa anahitaji kupakwa upya pale palipoota baada ya wiki 8 hadi 12 hivi. Msuko wa twende kilioni ukizidi wiki mbili umeshachakaa, mtu anaanza kujifunga mtandio hata asiyeuzoea. Basi lebo zangu ni miezi. Mteja akilipa mwezi wa tatu kwa rasta, anabandikwa "Mei" kabla hajafika mlangoni, zile zinazobaki nimewaachia maharusi, hina na wanafunzi wa likizo.

Jumanne ni siku kavu kwetu. Asubuhi nafungua lebo ya mwezi, naandika mmoja mmoja. Mfano wa ninachoandika: "Habari mama Aisha, rasta zako zina wiki saba sasa. Kesho asubuhi pana nafasi, njoo tufumue, tuoshe, upate stimu kichwa kipumue. Ukitaka kusuka siku hiyo hiyo niambie nianze kuchambua nywele." Jibu la kawaida ni kama hili: "Weee umejuaje, najikuna hadi aibu." Hapo hakuna punguzo, hakuna ofa, hakuna "mpendwa mteja wetu". Kuna mtu anayekumbuka kichwa chako kina nini. Wateja niliodhani wamehamia kwingine, kumbe wengi walikuwa wamechoka tu kupanga siku.

Kuna njia ya mkato, orodha ya matangazo, ambapo ujumbe mmoja unakwenda kwa watu wengi na kila mmoja anauona kama wa kwake peke yake. Orodha moja inabeba hadi watu 256. Lakini shika hili: unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo maana pale kwangu mteja akiwa chini ya draya, hana pa kwenda na mikono iko huru, tunamwomba ahifadhi namba papo hapo. Orodha hiyo naitumia kwa habari za wote, kama tukibadilisha saa au hina mpya ikiingia. Kumkumbusha mtu kichwa chake siwezi kutumia tangazo la jumla, atajua tu.

Status nayo ndiyo mama wa matangazo, ingawa inakaa saa 24 tu na wanaoiona ni wale mliohifadhiana namba. Kwangu, picha ya nywele iliyopendeza inapata mioyo mingi na wateja wachache. Maandishi matupu, "Kiti kipo wazi leo saa 8 mchana, wa kwanza kujibu", yanapata mtu kabla chai haijapoa. Sina nadharia kubwa hapo. Anayeona picha anatamani, anayeona nafasi anakuja.

Kuhusu picha zenyewe, msimamo wangu ni mmoja: bila ruhusa ya mdomo, simu haiinuki. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, mwanamke anayejisitiri barabarani hawezi kuingia kwako kwa amani kama kisogo chake kinaweza kuonekana kesho kwenye simu ya shemeji yake. Wengine wanakubali picha ya nyuma, bila uso wala nguo. Wengine wanakubali mikono yenye piko, pete ikivuliwa, kwa sababu pete inajulikana mtaa mzima kuliko sura. Wasiokubali nasuka mtindo wao kwenye kichwa cha mdoli na kupiga hicho. Unaweza pia kuchagua status ionwe na watu fulani tu. Hiyo naitumia kwa picha za maharusi walioruhusu wanawake wenzao peke yao. Sitegemei sana kufuli hiyo lakini, simu ya mtu haina mwenyewe mmoja nyumbani.

Majibu ya kujiendesha: yapo, yanasaidia, usiyapambe. Ujumbe wa kukaribisha unakwenda kwa anayekuandikia mara ya kwanza au aliyenyamaza siku 14. Nilitaka uanze kwa heshima, nikagundua mashine haijui umri. Haiwezi kumwamkia bibi shikamoo bila kumwamkia pia binti wa chuo. Wangu unasema tu habari, karibu, tazama katalogi, nakujibu mwenyewe nikinawa mikono. Ule wa kutokuwepo unanifaa zaidi Ramadhani, tunapofungua mchana kidogo na kurudi baada ya tarawehe. Shaaban ni harusi, kumi la mwisho ni foleni ya Idi, Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ni harusi tena, na kila kipindi saa zetu zinageuka. Zamani watu walikuwa wanagonga mlango uliofungwa.

Sasa wateja wapya. Hawa kwangu wanaletwa na kichwa cha mtu mwingine: shughulini, kwenye foleni ya benki, "shoga, kakusuka nani?" Programu inachofanya ni kumpa yule shoga kitu cha kutuma, kiungo kifupi cha namba yetu au ukurasa wa katalogi, badala ya "pale karibu na duka la mpemba". Kujisajili kwenye ramani ya Google nako ni bure, na kunatuletea wageni wa mjini waliokuja harusini na hawajui pa kusukia. Tangazo la kulipia nililiweka kwenye mtandao mmoja wa picha. Nilipata wapenzi wa picha kutoka Mwanza hadi Mbeya, na mmoja akaniuliza kama tunatuma mikoani. Rasta!

La mwisho ni la wenye wasusi zaidi ya mmoja, na ndilo linalouma kwenye biashara hii. Msusi akiondoka anaondoka na wateja, kwa sababu wateja wana namba yake, hawana ya saluni. Hapa programu inakulinda: akaunti kuu inabaki kwenye simu ya saluni, na unaweza kuunganisha vifaa vinne vingine, kila msusi akajibu kutoka kwenye simu yake kwa namba ile ile. Akiaga, unamwondoa kwenye orodha ya vifaa, mnaachana kwa heri. Masharti mawili. Laini isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe, kwa alama zako za vidole, si za mdogo wako wala za msusi unayemwamini. Na simu kuu ifunguliwe mara kwa mara, maana ikilala zaidi ya siku 14 vifaa vilivyounganishwa vinakatika.

Mimi naendelea nayo. Hela ya matangazo ya kulipia kwa sasa nampelekea fundi wa mabango, kwa kuwa bango la mlangoni jua limekula namba mbili za mwisho.