Uzoefu wangu: kusawazisha breki za Hilux iliyoongezwa springi, Kigoma

Kama pikapu yako imeongezwa springi nyuma, na sasa ukikanyaga breki inazamisha pua huku nyuma ikielea, usikimbilie kununua pedi. Mimi nilibadilishiwa pedi za mbele kwenye gereji zaidi ya moja. Zikawa zinaisha upesi, wakati shuu za nyuma (vile vipande vinavyosugua ndani ya ngoma) zipo vilevile. Aliyemaliza tatizo ni fundi mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, na nimeona niandike kazi yake ilivyokwenda kwa sababu magari ya namna hii ni mengi barabara ya Manyovu.

Pikapu ni Hilux ya zamani, disiki mbele, ngoma nyuma, haina ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisifunge). Inabeba ndizi na kahawa kutoka Kalinzi. Kwa ajili ya mzigo huo gereji moja iliiongezea springi, nyuma ikapanda kama inchi mbili. Kulala nyuma kwa mzigo ikaacha kabisa, hilo nawapa haki yao. Ila tangu hapo kila mteremko wa kushukia Mwandiga ulikuwa shughuli: unakanyaga, pua inazama, harufu ya pedi inaingia mpaka ndani, na gari halisimami unapotaka lisimame.

Huyu fundi hakuanza na tairi. Aliingia chini nyuma akaniita nichungulie fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli kupanda hadi kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi. "Bosi, walionyanyua gari hii hawakuigusa," akasema. Ukipakia mzigo, chasisi inashuka, fimbo inasukumwa juu, valvu inaachia presha nyingi kwenda breki za nyuma. Ukishusha mzigo, nyuma inapanda, valvu inabana presha ili tairi za nyuma zisifunge zikateleza. Sasa ukinyanyua chasisi kwa springi, ile fimbo inabaki chini, na valvu inahesabu kuwa gari ni tupu hata kama mikungu imefika juu ya bodi. Breki za mbele zinabaki kufanya kazi ya wote.

Dukani nilikuwa nimeshauriwa niing'oe valvu hiyo, niweke ya kuzungusha kwa mkono kama zile za kampuni ya breki ya Wilwood. Fundi akakataa, na sababu yake naikubali kabisa. Valvu ya mkono inafaa gari linalotembea na uzito uleule siku zote. Sisi tunapanda Kalinzi tupu na kushuka tumejaza. Ukiiweka kwa kipimo cha mzigo, siku ya mvua ukiwa tupu nyuma itafunga na gari litazunguka. Ukiiweka kwa kipimo cha tupu, umerudi kulekule kwa pedi zinazonuka. Nani atasimama kila safari aizungushe?

Kabla ya kugusa fimbo alifungua ngoma. Silinda ya tairi la kushoto ilikuwa inavuja, shuu zimelowa mafuta, kwa hiyo nyuma tulikuwa tunatumia breki ya upande mmoja. Akabadilisha silinda pande zote mbili na shuu zote, akazikaza mpaka tairi ukilizungusha kwa mkono unasikia zinagusa kidogo. Halafu akapima urefu wa kutoka chasisi hadi ekseli, akakata bamba la chuma na kutengeneza breketi ya kuinua mguu wa fimbo pale kwenye ekseli kwa inchi zilezile zilizoongezeka.

Mafundi wengi wangeishia hapo. Yeye akasema springi ngumu hazibonyei kama za zamani, kwa hiyo hata ukirudisha kimo, mzigo uleule utaisogeza fimbo kidogo kuliko kiwandani walivyokusudia. Tukapakia magunia ya mchanga, akaongeza kimo cha breketi kidogo, tukashusha, akaangalia tena likiwa tupu. Hapo ndipo alipotumia muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki alianza tairi la mbali na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), na hakuiruka nipeli, skrubu ya kutolea upepo, iliyopo kwenye valvu yenyewe. Mafuta ya breki aliyamwaga yote akaweka DOT 3 mpya kutoka kopo lililokuwa na lakiri. Mafuta haya yananyonya unyevu: DOT 3 kavu inatakiwa ihimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji kiwango ni 140 tu. Yakichemka mteremkoni, pedali inaenda hadi chini na hakuna kitu.

Majaribio aligoma kuyafanyia kwenye vumbi. Kwenye vumbi tairi hazishiki sana, uzito haukimbilii mbele, nyuma inaonekana imetulia hata kama imepewa presha iliyozidi. Tukaenda lami kavu asubuhi, barabara haina mtu, tupu kwanza, kisha na magunia. Yeye alisimama pembeni anatazama tairi. Alichotaka ni mbele zifunge mwanzo, nyuma zikiwa karibu kabisa kufunga, kwa sababu nyuma ikitangulia gari linageuka.

Sasa nashuka kutoka Kalinzi na mzigo, gari linakaa chini kwa usawa, pua haizami, na ngoma za nyuma ukizisogelea unahisi joto, kitu ambacho hakikuwepo. Ufundi ulikuwa Sh 80,000 bila vipuri, na kwa kazi hiyo sioni ghali.

Kasoro zipo. Anafanya kazi peke yake, foleni ni ndefu, na ukimharakisha anakwambia peleka kwingine. Risiti hatoi, nilimwandikisha kwenye daftari langu akasaini. Hendibreki nayo bado haishiki vizuri kwa sababu kebo imechoka. Nimeagiza nyingine Dar, ikifika nitampelekea yeye.