Zorki 4 ya mjomba na Bessa R yangu: mwaka mmoja na zote mbili

Zorki 4, kamera ya filamu, alirudi nayo mjomba kutoka masomoni Urusi miaka ya sabini, ikakaa kabatini hadi mfuko wake wa ngozi ukaota ukungu. Bessa R nimeinunua mwenyewe, mtumba wa Japani, kwa bei ambayo mke wangu anaijua nusu tu. Zote ni renjifainda: hutazami ndani ya lenzi bali kwenye kidirisha cha juu yake, unaona kitu kimoja kimekuwa viwili, unazungusha lenzi mpaka viungane. Na zote zina mdomo wa skrubu wa milimita 39, kwa hiyo lenzi moja, Jupiter-8 ya milimita 50, nimekuwa nikiihamisha huku na huku. Nikishaanika negativu, hata mimi siwezi kukwambia ipi imetoka kamera gani. Tofauti iko mikononi.

Zorki 4 ilitengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, kuanzia 1956 hadi 1973. Haina betri wala kipima mwanga. Filamu unaisogeza kwa kusokota kinobu, na wakati unasokota, watoto wa Forodhani wameshajirusha majini na kutoka. Ina mwiko mmoja: usiguse gurudumu la spidi ya shata (mlango unaopitisha mwanga) kabla hujasogeza filamu, utaharibu vyuma vya ndani. Siku mjomba ananikabidhi hakunionyesha hata inavyofunguliwa. Alinitajia hilo tu, mara tatu. Kuifungua kwenyewe ni kazi, maana mgongo wote unatoka, na ukiwa umesimama njiani inabidi uubane kwapani. Bessa inafunguka kama mlango. Unaweka filamu, unafunga, kwisha.

Kukosa kipima mwanga hakunisumbui kama nilivyoogopa. Jua la Unguja kuanzia saa nne hadi saa tisa halina mambo mengi: filamu ya HP5 ya ISO 400 (nyepesi kudaka mwanga), spidi ya sekunde 1/500, tundu la lenzi f/16, unatembea. Shida ni vichochoro vya Mji Mkongwe. Hatua mbili kutoka barazani umeshaingia gizani, na ukikisia vibaya huambulii kitu. Hapo Bessa, iliyotoka mwaka 2000, inalipa deni lake. Bonyeza nusu, taa nyekundu ndani ya kidirisha zinakwambia umezidisha, umepunguza au umepatia. Betri zake mbili ndogo ni za kipimo tu. Shata ni ya vyuma, haihitaji betri. Betri zangu ziliniishia kwenye boti ya Pemba (niliuziwa zilizolala dukani miaka), nikaendelea kupiga kwa kukisia kama kawaida.

Mabaya ya Bessa? Sehemu ya juu ni plastiki, na shata yake ina kelele. Nilipiga picha moja tu ya wazee wa bao, wote wakainua vichwa, na mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hiyo kamera au mtego wa panya?" Zorki inanong'ona kidogo, ila chuma cha kidirisha chake kimeshanikwaruza miwani. Afadhali ina wenzo mdogo wa kurekebisha kidirisha kilingane na macho, siku hizi naivua miwani kabisa.

Ila kubwa la Zorki ni pazia la shata yake. Ni kitambaa, na hakuna kioo cha kuakisi mbele yake cha kulikinga, kwa hiyo ukiacha kamera imetazama jua, lenzi inalichoma pazia kama unavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia. Roli yangu ya kwanza ilikuwa na nukta nyeupe angani kila picha. Nilizilaumu dawa zangu za kusafishia filamu, nikalaumu maji ya bomba, maana huku hadi uyapoze kwa barafu ndipo yafike nyuzi 20 zinazotakiwa. Kumbe ni tundu. Nimeliziba kwa rangi nyeusi ya kitambaa, sasa siachi kuivisha lenzi kifuniko. Ndiyo, nimeshapiga nusu roli kifuniko kikiwa juu yake, kwa sababu kidirishani kila kitu kinaonekana sawa. Kwa Bessa, taa zingenishtua.

Siku za kazi nabeba Bessa. Zorki hutoka Jumapili, nisipokuwa na haraka. Na kama unatafuta Zorki yako, kabla hujatoa pesa ondoa lenzi na mgongo, inua kamera kwenye taa ya umeme, uangalie pazia kutoka nyuma. Ukiona nyota, omba upunguziwe bei.