OpenStreetMap kwa majina ya nchi na kanda: inashika yapi, inaachia yapi

Kwa mwalimu wa jiografia, mhariri wa gazeti, au yeyote anayetaka ramani yenye maandishi ya Kiswahili bila kulipia, OpenStreetMap ndiyo huduma ya kwanza kuijaribu. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, haina ada, na mwenye akaunti yeyote anaruhusiwa kuhariri. Sifa zake kwenye barabara na majengo zinajulikana. Hapa tumeipima kwa kazi nyingine: majina ya maeneo makubwa, yaani nchi, kanda, pwani na mabonde, hasa yale ambayo watu wanayataja kila siku ingawa hayamo kwenye orodha ya serikali, na yale yaliyobaki kwenye karatasi peke yake.

Kanuni yake kuu ni moja, nayo ndiyo inayoamua karibu kila kitu: andika kilichopo ardhini leo. Jina lenye kibao, ofisi, mpaka au ufuo linaingia bila shida. Jina lililo midomoni mwa watu tu linahangaika. Ukilielewa hilo, utajua mapema utapata nini na utakosa nini.

Chukua Tanganyika. Kama nchi huru iliishi kuanzia Desemba 1961 hadi Muungano wa Aprili 1964, haikufika hata miaka mitatu. Ukiliandika jina hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, hata hivyo, unapata ziwa, unapata mkoa wa Kongo wenye makao yake Kalemie, na unapata wilaya iliyoko Katavi. Jina limesalia kwa sababu lina wabebaji watatu walio hai, na kila mmoja ana ofisi au maji yake. Mkoa wa Kalemie wenyewe ulizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa vipande vinne. Vipande vingine vitatu ni Haut-Katanga, Haut-Lomami na Lualaba, kwa hiyo neno Katanga nalo likanusurika, japo kwa nusu ya mwili wake. Linganisha na Shaba, jina ambalo Mobutu aliupa mkoa huohuo. Lilikuwa na serikali nzima nyuma yake na shaba yenyewe chini ya ardhi, lakini mwaka 1997 lilifutwa na halikuacha ziwa, mto wala mji wa kulibeba. Leo analikumbuka zaidi msomaji wa historia ya vita vya 1977 na 1978.

Azania inaonyesha jambo lilelile kwa upande wa pili. Ni jina la pwani yetu katika mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, likafifia, kisha likaokotwa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini katika miaka ya 1960. Mwaka 1994 Afrika Kusini mpya ilibaki na jina lake la zamani. Litafute kwenye ramani hii utapelekwa kwenye majengo: Dar es Salaam kuna kanisa la Kilutheri la Azania Front na shule ya sekondari Azania. Nchi haipo, ila kengele ya shule ipo, na kwa OpenStreetMap hiyo inatosha.

Udhaifu unaanza pale jina linapokuwa hai bila kuwa na mpaka. Ukambani ni mfano mzuri. Hakuna uchaguzi wa Kenya unaopita bila neno hilo kutajwa redioni mara kadhaa kwa siku, lakini tangu kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, mipaka iliyochorwa ni ya Machakos, Kitui na Makueni. Ukambani hauna kipande chake. Usukuma vivyo hivyo, na Mrima zaidi, yaani pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar, ambao sasa unaishi kwa wataalamu wa lahaja na kwa wapenzi wa mashairi. Huduma inakuruhusu kuweka nukta yenye tagi (lebo ya taarifa) place=region na jina, basi. Nukta haina eneo, ramani ya kawaida mara nyingi haiionyeshi, na wahariri wengine wataifuta wakidai haithibitiki. Hapa tunaona kanuni ya "kilichopo ardhini" inabana kuliko inavyostahili: mkulima wa Kitui anajua Ukambani unaishia wapi vizuri kuliko anavyojua mpaka wa wadi yake.

Pwani ni mtego wa aina nyingine. Nchini Tanzania ni mkoa kamili wenye makao Kibaha, na nchini Kenya lilikuwa jina la mkoa uliovunjwa na katiba ya 2010 ambalo wanasiasa, magazeti na watawala wa serikali kuu wanaendelea kulitumia. Mashine haijui unamaanisha ipi. Tafuta kila mara kwa jina na nchi pamoja, "Pwani, Tanzania", la sivyo utabandika takwimu za Bagamoyo juu ya Kilifi.

Sasa Kiswahili chenyewe. Ukifungua tovuti kuu, ramani inasoma tagi ya name peke yake, yaani jina la wenyeji kwa maandishi ya wenyeji. Misri itaonekana kwa Kiarabu, Ugiriki kwa Kigiriki. Majina yetu yamo ndani, kwenye tagi ya name:sw, ila unahitaji programu inayoisoma. Kwenye simu OsmAnd inafanya hivyo: fungua mpangilio wa ramani, tafuta lugha ya ramani, chagua Kiswahili. Penye pengo itarudi kwenye jina la wenyeji. Mapengo ni mengi nje ya Afrika Mashariki, na machache ajabu katika mitaa ya Dar es Salaam, kwa sababu mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 kwa ajili ya mafuriko uliwapeleka wanafunzi na wakazi kuchora mtaa kwa mtaa.

Kujaza pengo ni kazi ya dakika mbili. Ingia kwenye akaunti, bofya kitufe cha kuhariri, chagua nukta ya nchi au eneo, nenda kwenye sehemu ya jina, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua Kiswahili, andika, kisha hifadhi ukiweka maelezo mafupi ya ulichobadilisha. Jina la pili linalotumika leo linakwenda alt_name:sw, lililokufa linakwenda old_name:sw. Yakiwa mawili au zaidi yatenganishe kwa nukta mkato. Baada ya dakika chache kisanduku cha kutafutia kitalitambua. OsmAnd itasubiri toleo la mwezi unaofuata.

Mambo matatu huharibika hapo. La kwanza, mtu anafuta name ya Kiarabu au Kijerumani na kuweka Kiswahili juu yake akidhani anasaidia, na kazi yake inarudishwa nyuma siku hiyohiyo. La pili, anagusa mstari wa mpaka badala ya nukta ya jina. Mipaka ya nchi imefungwa pamoja katika kundi moja la mistari mingi, na kusogeza kipande kimoja kunavunja nchi mbili. La tatu, ambalo ni kosa la kisheria, ni kunakili majina kutoka ramani za Google. Leseni haziruhusu, na akaunti hufungiwa. Kwa Kiswahili cha Kongo kuna msimbo wake, swc, lakini kwa vitendo karibu kila mtu anatumia sw.

Swali gumu ni lipi liwe name:sw na lipi liwe alt_name:sw. Iran iliziomba nchi za nje ziache jina la kale, Persia, mwaka 1935, na Wazungu wakatii taratibu. Waswahili hawakuwa na habari na barua za kibalozi. Uajemi lilikuja kwa jahazi, mashairi na mazulia, na bado linasikika kwenye taarifa ya habari pamoja na Iran. Uhabeshi lilikuja kwa njia zilezile lakini limerudi nyuma zaidi. Kwa maoni yetu sababu ni Addis Ababa: tangu Umoja wa Nchi Huru za Afrika uundwe pale mwaka 1963, kila taarifa ya mkutano inasema Ethiopia, na jina la kidiplomasia likashinda kwa kurudiwarudiwa. Kwa hiyo tungeweka Ethiopia kuwa name:sw na Uhabeshi old_name:sw, lakini Uajemi tungelipa alt_name:sw, kwa kuwa bado linafanya kazi.

Ukihitaji maeneo ya kale yenye mipaka, usiyalazimishe humu. Himaya na makoloni yana mradi ndugu, OpenHistoricalMap, unaotumia mtindo uleule wa tagi ukiongeza start_date na end_date, na una kitelezi cha miaka chini ya ramani. Tarehe zinaandikwa mwaka kwanza: 1961-12-09. Ubora wake unapandashuka. Marekani imejaa, sehemu kubwa ya Afrika ni ukurasa mweupe unaosubiri watu.

Kwa kanda za dunia nzima, OpenStreetMap haifai. Mashariki ya Kati haimo kama eneo, na si ajabu, kwani hakuna watu wawili wanaokubaliana inaishia wapi. Alfred Thayer Mahan, afisa wa jeshi la majini la Marekani, alipolitumia jina hilo mwaka 1902 alikuwa anawaza Ghuba na njia ya kwenda Bara Hindi. Lilikua hadi likaimeza Mashariki ya Karibu, ambayo leo inaishi pembeni: kwa wachimbuzi wa mambo ya kale, kwenye idara moja ya wizara ya nje ya Marekani, na ndani ya jina kamili la UNRWA, shirika la wakimbizi wa Kipalestina lililoundwa 1949. Orodha ya takwimu ya Umoja wa Mataifa iitwayo M49 haina hata moja kati ya hayo mawili. Yenyewe inasema Asia ya Magharibi. Ukiitumia orodha hiyo, soma kwanza. Afrika Mashariki yake inafika Zimbabwe na Msumbiji, lakini inaiacha nje Kongo, ambayo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022.

Chombo kinachofaa hapo ni Natural Earth, mkusanyo wa data za ramani za dunia. Data yake haina masharti ya leseni, inatolewa kwa vipimo vitatu, 1:10,000,000, 1:50,000,000 na 1:110,000,000, na ina tabaka la maeneo ya kijiografia yasiyo na mipaka ya kiserikali. Lugha zaidi ya 20 zimo kwenye jedwali la nchi. Kiswahili hakimo, jambo la aibu kwa lugha yenye wasemaji wengi kiasi hiki. Njia ya kuzunguka ipo: chota majina ya Kiswahili kutoka Wikidata, hifadhidata huria ndugu ya Wikipedia, kama faili la CSV (jedwali la maandishi), kisha uyaunganishe ndani ya QGIS, programu huria ya kutengeneza ramani, kwa safu ya WIKIDATAID. Wengi hukwama hapa bila kujua kwa nini safu inarudi tupu. Wikidata inatoa anwani nzima inayoishia Q924 kwa Tanzania, wakati Natural Earth ina Q924 tu. Ondoa anwani, bakiza herufi Q na namba, na majina yatajaa. Kisha pitia kwa jicho, kwani majina hayo yameandikwa na watu tofauti na hayafuati mtindo mmoja.

Bado kuna maji yenye majina mawili. Ziwa ambalo Tanzania inaliita Nyasa, Malawi inaliita Malawi na Msumbiji Niassa limo kwa majina yote, kila lugha kwenye tagi yake, na hilo ndilo suluhisho bora tuliloliona popote. Mstari wa mpaka hauna bahati hiyo. Malawi inasimamia ufuo wa mashariki kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, Tanzania inadai katikati ya maji, na programu yoyote inayochora mstari mmoja imeshachagua upande. Kabla ya kuchapa ramani ya darasani Mbamba Bay au Nkhata Bay, angalia mstari huo kwa karibu na uamue mwenyewe kama utauchora wa vipande. Ukichapa kutoka OpenStreetMap, weka pembeni maandishi ya kuwatambua wachangiaji wake, kwani leseni ya ODbL inadai hivyo hata kwa karatasi ya ukutani. Natural Earth haikudai chochote.