Elfu nne ya kubana kiuno: mwaka wangu na fundi wa marekebisho

Nilianza kumwendea fundi huyu baada ya gauni kuniaibisha ofisini. Nililiagiza mtandaoni kwenye ukurasa wa duka moja la hapa hapa Dar, shilingi 35,000 pamoja na bodaboda. Kwenye picha lilikuwa la kijani, zito, linaanguka vizuri. Lililofika lilikuwa jepesi kama mfuko wa nailoni, na jasho lilinitoka ndani yake kabla daladala haijafika Ubungo. Nilipolivaa mara ya tatu mshono wa ubavuni ukaachia saa tano asubuhi, nikamaliza siku na khanga kiunoni kama mtu aliyetoka msibani.

Jioni nikalipeleka kwa mzee anayeshona kibarazani, mbele ya duka la Mangi mtaani kwetu. Nilikuwa nampita miaka minne bila kumpa zaidi ya shikamoo. Akaligeuza gauni ndani nje, akavuta mshono kwa vidole viwili. "Mwanangu, hili halishoneki. Halina nyama."

Nyama, kwa lugha yake, ni kile kitambaa cha akiba kinachobaki ndani baada ya mshono. Gauni langu lilikuwa limeachiwa upana wa punje ya mchele, likapitishwa overloki, mashine ya kuzungushia ukingo, basi. Kiwandani kila sentimita iliyookolewa kwenye maelfu ya magauni ni pesa. Kwa fundi, sentimita hiyo ndiyo inayomwezesha kupanua ukinenepa na kushona upya pakifumuka. Akanitolea koti la kiume la zamani lililokuwa limening'inia kwenye msumari, akanionyesha mgongo wake kwa ndani: vidole viwili vya kitambaa kila upande. "Hili limezaliwa likijua mwenyewe atazeeka."

Nikafanya hesabu njiani. Shilingi 35,000 kugawanya kwa mara tatu ni karibu 12,000 kila nilipolivaa. Mgahawani sijawahi kulipa kiasi hicho kwa sahani ya wali. Hapo nikajiwekea sharti: mwaka mzima sinunui nguo mpya. Nitavaa nilizo nazo, nikikwama nitakwenda soko la mitumba la Karume, na kila kitu kitapita kwa fundi. Mwaka umeisha Idi iliyopita. Haya ndiyo niliyoyaona.

Karume mnaijua. Soko liliteketea Januari 2022 na wachuuzi wakarudi kupanga meza zao. Ukifika asubuhi belo zinapofunguliwa unachagua cha kwanza, ila bei nayo imeamka mapema. Ukifika alasiri unakuta mafungu ya buku buku, na lazima uwe na jicho. Mimi jicho sikuwa nalo. Wiki ya kwanza nilirudi na blauzi sita kwa sababu zilikuwa rahisi, nikavaa mbili. Niseme wazi, mtumba haumtakasi mtu. Unaweza kujaza kabati takataka za elfu moja moja kwa pupa ile ile ya kununua dukani.

Fundi ndiye aliyenifundisha kuchagua. Kwanza, geuza ndani, tafuta nyama. Pili, inua nguo dhidi ya jua; ukiona jirani yako kupitia kitambaa, rudisha. Tatu, jaribio la moto, ambalo mama zetu wa vitenge wanalijua tangu zamani: chomoa uzi mmoja pembeni, uwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopukutika. Poliesta inayeyuka, inanuka plastiki, na ikipoa inaacha punje ngumu kama shanga. Si ajabu, maana poliesta inatokana na mafuta ya petroli. (Fanyeni nyumbani, tafadhali. Karume si mahali pa kuwasha viberiti.) Niliporudi na kujaribu kabati langu, "vitenge vya pamba" vitatu kati ya vitano viliyeyuka.

Nguo bora ya mwaka wangu ni shati la kiume la kitani, kubwa, la bluu iliyofifia, nililolipata kwa 7,000. Fundi alilitengeneza gauni la kuvaa na mkanda: akashusha mabega, akapunguza mikono, kile alichokata akafanyia mifuko miwili ubavuni. Akachukua 6,000. Nimelivaa karibu kila wiki, nakadiria mara arobaini, na hesabu yake ni shilingi 325 kila mara. Kuna siku mteja aliniuliza nimeliagiza wapi. Nikajibu "Italia", kwa sababu lebo ndivyo ilivyosema.

La pili ni suruali ya jinzi. Wanawake wenye maumbo yetu tunaujua ugonjwa huu: ikipita mapajani, kiuno kinabaki wazi nyuma, ukiinama dunia yote inakusoma. Miaka yote nilidhani kosa ni la mwili wangu. Fundi alifumua mkanda, akakata kipande katikati ya mgongo, akaurudisha mkanda juu yake. Elfu nne. Kwa elfu nne nimeacha kutafuta jinzi nyingine. Kama makala hii itakupa kitu kimoja tu, kiwe hicho.

Kuna na kiraka cha ndani mapajani, kugeuza kola ya shati iliyochakaa ili upande mzima uje juu, kubadilisha zipu kwa elfu mbili. Kazi hizi zote mafundi wetu wanaziweza tangu enzi za baba zetu, sisi ndio tulioacha kuwaomba.

Sasa nije kwenye sare, maana huko ndiko kabati langu lilikokuwa linafia. Anayeishi Dar anajua. Ukishaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, umeshavaa. Kuna sare ya kicheni pati, kuna ya sendofu, kuna ya harusi yenyewe, na bibi harusi akiwa na wifi mwenye sauti kuna ya kuvunja kamati. Kitambaa unauziwa na memba mmoja kwa bei isiyojadiliwa, rangi haijawahi kumpendeza mtu mweusi hata mmoja, halafu unalipa mshono. Nilihesabu magauni kumi na moja ya sare. Tisa nilikuwa nimeyavaa mara moja. Huwezi kuyarudia, kwa sababu watu themanini wamo kwenye picha wakiwa na gauni hilo hilo.

Nikayabeba yote kwenye mfuko wa salfeti nikammwagia fundi mezani. Alicheka mpaka akavua miwani. Satini ya pichi ikawa bitana ya koti la kitenge, na nikagundua kwamba kitambaa kinachoudhi kikiwa nje kinateleza vizuri sana kikiwa ndani. Vitenge viwili vikawa blauzi na sketi ya kila siku. Gauni refu la kijani cha jeshi likakatwa likawa nguo mbili za binti wa dada yangu. Lesi alizikataa zote tatu. Lesi ukiifumua inachanika, alisema, na hakutaka nimdai nguo za watu. Hizo bado ninazo, sijui nizipeleke wapi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba uamuzi wa busara unafanyika kabla ya kununua. Fundi anaokoa kinachookoleka tu.

Nilijaribu kulisema hili kwenye kamati ya binamu yangu. Nikashauri kila mtu avae nguo yake yoyote ya zambarau. Nilijibiwa kwa vikatuni vitatu vya kucheka na namba ya kutuma hela.

Nikiwa kibarazani pale nikisubiri (utasubiri, nitalieleza) nilianza kusoma lebo. Bangladesh zipo nyingi. Kila nikiiona nakumbuka Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo lililoanguka tarehe 24 Aprili 2013 pale Savar, nje ya Dhaka, na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Mafundi, wengi wao wasichana, waliambiwa warudi kwenye cherehani zao. Fundi wangu alinyamaza nilipomsimulia, halafu akauliza walikuwa wanalipwa kwa kipande au kwa siku.

Na maji. Inakadiriwa kwamba fulana moja ya pamba, tangu shambani hadi dukani, inaweza kula lita 2,700. Kwa sisi tunaonunua maji ya mkokoteni wakati wa mgao, hayo ni madumu 135 ya lita ishirini. Pamba ya kwetu, ya Shinyanga na Simiyu, hulimwa kwa mvua, kwa hiyo hesabu yake ni tofauti. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa bado marobota, halafu tunaipokea tena ikiwa mtumba. Mama yangu ana doti ya khanga ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Pindo limefifia, jina halisomeki, lakini imebeba watoto watano na sasa inabeba wajukuu. Khanga niliyonunua mimi miaka mitatu iliyopita imeshakuwa tambara la jikoni.

Wapo watakaosema ninaposifu Karume naua viwanda vyetu. Hoja ina uzito. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa mtumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya ikajitoa mapema, sisi na Uganda tukalegeza, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Mimi siwezi kufufua kiwanda kwa mshahara wangu. Ninachoweza ni kununua nguo chache, na nikinunua kitenge kipya kiwe cha pamba na kishonwe mtaani. Nusu ya pesa niliyotumia mwaka huu iliingia mfukoni mwa mtu ninayemjua kwa sura.

Kasoro sasa. Nguo zinazovutika, kama fulana na leggingi, usimpelekee: cherehani yake ya kukanyaga inaruka mshono. Rangi ya uzi anatumia iliyopo karibu. Nina suruali nyeusi yenye pindo la bluu. Hapimi sana, anakuangalia tu, na mara moja aliniangalia vibaya. Kosa jingine lilikuwa langu: nilimpelekea gauni la pamba kabla ya kulifua, akalikata likanikaa sawasawa, nilipolifua likapungua, magoti yakabaki nje. Loweka kwanza, mtumba hata kitenge kipya, ndipo upeleke.

Na ahadi. Huyu mzee ni mkweli kwa kila jambo isipokuwa tarehe. Nimewahi kuambiwa "nimeshaipiga pasi" wakati naiona chini ya meza ikiwa bado kwenye mfuko nilioileta nao.

Kwa ubora wa kazi na bei ningempa nyota tano. Moja naishikilia mpaka anirudishie gauni la zambarau nililopeleka kupunguzwa mikono kwa ajili ya sendofu ya binamu, maana kitambaa cha kamati sikununua. Liko kwake tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Amesema Ijumaa. Hakusema Ijumaa ipi.